Ukikutana na “get”, tazama kulia kwake

“I got an accident.” Iseme sentensi hii mbele ya Mtanzania au Mkenya, hakuna atakayeshtuka. Utaisikia ofisini, utaisoma kwenye barua ya kuomba ruhusa. Tunaielewa wote kwa sababu tunakisikia Kiswahili kilichojificha ndani yake: nimepata ajali. Mwingereza naye ataielewa, ila atajua papo hapo kwamba imepitia lugha nyingine kabla ya kumfikia. Yeye husema “I had an accident.”

Shuleni tuliambiwa “get” ni “pata”, tukaishia hapo. Ni kweli ni “pata”. Lakini pia ni fika, leta, nunua, elewa na shawishi, na mara nyingine halitafsiriki lenyewe kabisa, bali linabadilisha tu hali ya neno lililo karibu nalo. Kukariri maana hizo moja baada ya nyingine ni kazi bure. Zitakuwa zimekutoka kichwani kabla hujakutana na mtu wa kuzungumza naye. Kinachofaa ni kujizoeza kutazama neno linalofuata. Likifuata jina la kitu, maana ni moja. Ikifuata sifa, ni nyingine. Likifuata jina la mahali, jina la mtu au kineno kidogo kama “up” na “over”, mambo yanabadilika tena.

Njia hii ya kukiangalia kitenzi pamoja na majirani zake si ngeni. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza Japani, aliona wanafunzi wake hawakwami kwenye maana ya vitenzi bali kwenye kinachotakiwa kuvifuata, akaandaa na wenzake wawili kamusi inayoonyesha miundo hiyo. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliichapa upya mwaka 1948, na ndiyo iliyozaa Oxford Advanced Learner’s Dictionary, kile kitabu kinene ambacho walimu wengi wa Kiingereza wanacho mezani. Ukiwa nayo, fungua “get” uone jinsi mifano ilivyopangwa kwa kufuata miundo. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa maana. Hii itakupa sentensi.

Likifuata jina la kitu

Hapa “pata” linafanya kazi vizuri mara nyingi: “get a job”, “get a visa”, “get a letter”. Hata ugonjwa unaingia humo, “get malaria”, na faini ya trafiki pia. Ila angalia mazingira. “I got this shirt in Kariakoo” kwa kawaida maana yake nimeinunua. “Get me some water” ni niletee maji. Simu ikilia na mtu akasema “I’ll get it”, anasema atapokea yeye. Akisema hivyohivyo mlango ukigongwa, anakwenda kufungua. Na mkimaliza kula, mwenzako akakamata bili na kusema “I’ll get this”, usibishane naye sana: analipa.

Tatizo letu ni kwamba “pata” ya Kiswahili ni pana kupita “get”. Sisi tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata ndoto, tunapata hasara, tunapata chakula cha mchana. Kiingereza hupeleka mengi ya hayo kwa “have”: “had an accident”, “had a baby”, “had a dream”, “had lunch”. Ya biashara huyapeleka kwa “make”: “made a profit”, “made a loss”. Ukitaka kipimo cha haraka, jiulize kama baada ya tukio mtu amebaki na hicho kitu. Ukipata barua, unayo. Ukipata malaria, unayo pia, Mungu akuponye. Ukipata ajali, huwezi kusema unayo ajali. Lilikuwa tukio, limepita. Matukio ni ya “have”.

Mtoto ndiye anayekivunja kipimo hiki, kwa hiyo mkariri peke yake. Ukimwambia mgeni “I got a child in 2015”, atajiuliza ulimtoa wapi, labda ulimchukua kutoka kituo cha watoto yatima. Sema “I had a child”, au “My daughter was born in 2015.”

Ikifuata sifa

Hii ndiyo sehemu ambayo Mswahili ana mtaji mkubwa bila kujua. Kiswahili kina vitenzi tele vya kuingia katika hali: kulowa, kuchoka, kuzeeka, kulewa, kukasirika, kunenepa, kuugua, kupotea. Kiingereza hakina utajiri huo, kwa hiyo huchukua sifa ya hali yenyewe na kuitanguliza “get”: get wet, get tired, get old, get drunk, get angry, get fat, get sick, get lost. Yaani “get” hapa linafanya kazi ya kuonyesha kwamba hali imebadilika, kazi ambayo kwetu imo tayari ndani ya kitenzi. Usilitafutie neno lake la Kiswahili, halipo.

Mtego uko kwenye “-me-”. Mtu anasema “nimechoka”, anaona kitendo kimekamilika, anaandika “I have got tired.” Lakini “nimechoka” inaeleza hali niliyo nayo sasa, na kwa Kiingereza hali ni “I am tired.” Vivyo hivyo nimelowa ni “I’m wet”, amelewa ni “he’s drunk”. “Get” lisubiri pale unapotaka kuonyesha mabadiliko yenyewe: “I got tired and went home”, nilichoka nikarudi nyumbani, “I’m getting tired”, naanza kuchoka. Giza linapoingia ni “It’s getting dark.” Na popote Kiswahili kinapotumia “kuzidi”, “getting” haiko mbali: Kiingereza chako kinazidi kuwa kizuri, “Your English is getting better”, maisha yanazidi kuwa magumu, “Life is getting harder.”

Ila usivuke mpaka ukaingia kwenye kazi na vyeo. “She got a doctor” haimaanishi alikuja kuwa daktari. Ni kwamba alikwenda kumleta daktari. Kuwa mtu fulani ni “become”: “She became a doctor.”

Baadhi ya sifa hizi kwa asili ni umbo la tatu la kitenzi, lile la “go, went, gone”. Get lost, get stuck, get paid, get fired, get married. Kikombe kikivunjika bila wewe kutaka kumtaja aliyekivunja, “The cup got broken” inakaa karibu kabisa na kauli yetu ya kutendeka. “He got fired” ni alifukuzwa kazi, kwa lugha ya kawaida ya kupiga soga. Taarifa rasmi ya kampuni ingesema “was dismissed”. Mshahara ukiingia tarehe 25, “I get paid on the 25th.”

Kuhusu ndoa inabidi tutulie kidogo. Kiswahili kinatenganisha kuoa na kuolewa, na mtu anayefikiri kwa Kiswahili huona mwanamke lazima awe ametendewa jambo, kwa hiyo anaandika “She was married by Juma.” Kwa Mwingereza, Juma huyo ni padri, sheikh au ofisa wa serikali aliyefungisha ndoa. Kiingereza hakijali nani kaoa na nani kaolewa: “She got married to Juma”, “Juma got married to her”, “They got married.” Ni “to”; “with” na “by” hazina nafasi hapo. Pia chunga “I was married”. Ukiitoa hivyohivyo bila maelezo, msikilizaji ataelewa kwamba ndoa hiyo haipo tena. Siku ya harusi ni “I got married in 2010”, hali ya leo ni “I’m married”, na muda uliokaa kwenye ndoa ni “I’ve been married for ten years.” Ukizipanga vizuri hizo tatu, umejiokoa na maelezo marefu kwenye dirisha la ubalozi.

Likifuata jina la mahali

Hapo ni kufika. “What time did you get to Morogoro?” Ulifika saa ngapi Morogoro. “To” inahitajika, isipokuwa kwenye “home”, “here” na “there”: “I got home late.” Msafiri na akariri swali moja, “How do I get to the station?”, nafikaje stesheni, nalo litamfikisha kokote.

Kupanda na kushuka vyombo ni suala la “on”, “off”, “in” na “out”. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, daladala, treni ya SGR, pantoni la Kigamboni, ndege, ni “get on” na “get off”. Unachokipanda kwa kukikalia mgongoni, baiskeli au bodaboda, ni “on” na “off” vilevile. Gari dogo ambalo unainama, unaingia na kukaa, ni “get in” na “get out of”. Teksi imo, na bajaji naamini inastahili kuwekwa humo. Vitabu vyetu vya shule vinapenda “board” na “alight”, na Nairobi utamsikia abiria wa matatu akisema “I’m alighting here” bila wasiwasi. Hakuna kosa la sarufi, ila London neno hilo utalikuta kwenye matangazo ya treni kuliko kinywani mwa abiria. Abiria husema “I’m getting off here.”

Likifuata jina la mtu

“I got the landlord to fix the roof.” Nilimbembeleza, nikambana, nikampigia simu mpaka mwenye nyumba akatengeneza paa. Ndani ya “get” hii mna jitihada, na kwa kawaida mna ubishi ulioshindwa. Ukisema “I made him fix it”, umemlazimisha. “I had him fix it” ni ulimwagiza tu, kama fundi wako, naye akafanya. Tazama pia kwamba ni “get” peke yake kati ya vitenzi hivyo vitatu linalodai “to”: got him to fix, lakini made him fix, had him fix. Hapo ndipo watu wanapopoteza alama kwenye mitihani.

Sasa fikiria uko kwa fundi cherehani. Kitambaa umenunua wewe, fundi anashona, gauni ni lako. Kiswahili kinalimaliza jambo hili kwa neno moja: nashonewa. Wanafunzi wengi wakifika hapa huandika “I am sewing a dress”, na wanaonekana wamekaa wenyewe kwenye cherehani. Kiingereza kinatumia “get”, kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi: “I’m getting a dress made.” Simu imetengenezwa na fundi: “I got my phone fixed.” Umenyolewa kinyozini: “I got my hair cut.” Umesafishiwa meno: “I got my teeth cleaned.” Kila unapojikuta unafikiri kwa kauli ya kutendewa, nimetengenezewa, nimepakiwa rangi, nimechorewa ramani ya nyumba, kwenye Kiingereza jaribu muundo huu kwanza. Kwa maoni yangu ndiyo matumizi ya “get” yenye faida kubwa kuliko yote kwa mtu wa kwetu, na ndiyo yanayofundishwa kwa haraka kuliko yote, siku moja kabla ya likizo.

Mtu akilifuata “get” bila kitu kingine baada yake, angalia usije ukatisha watu. Kwetu “I don’t get you” ni sijakuelewa, au sikusikii kwenye simu, na tunaisema kila saa. Mwingereza akishindwa kukusikia husema “I didn’t get that” au “I didn’t catch that”. Akisema “I don’t get you”, mara nyingi anamaanisha haelewi wewe ni mtu wa namna gani. Na “I’ll get you!” haina uhusiano na kuelewa. Ni nitakukomesha.

“Got to” na “have got to”

Tofauti ni neno dogo, lakini maana zinatupana mbali. “I got to see the President” ni nilipata kumwona Rais, nilibahatika. Kiswahili cha wazee kinalijua hili barabara: umepata kufika Lamu? “I’ve got to see the President” ni inanibidi nimwone, sina njia nyingine. Kwenye filamu hiyo ya pili husikika “gotta”, na wapo wanaoiandika hivyo kwenye barua pepe za kazi. Usiwe mmoja wao.

“Have got” bila “to” ni kuwa na kitu tu. “I’ve got two sisters”, nina dada wawili. Hakuna aliyewatafuta akawapata. Ukitaka kusema kwamba umekipata kitu, Waingereza nao hutumia “I’ve got”, na unaachiwa mazingira yakuamulie. Wamarekani wamelitatua hili kwa “gotten”: “I’ve got a car” ninalo gari, “I’ve gotten a car” nimepata gari. Wengi wetu tuliofundishwa kwa mtaala wa Kiingereza cha Uingereza tunaiona “gotten” kama kosa, kumbe ni umbo la zamani ambalo Uingereza yenyewe ililiacha, likabaki upande wa pili wa bahari. Mabaki yake bado yapo katika “forgotten” na katika “ill-gotten”, mali ya haramu. Neno “get” lenyewe Waingereza walilitoa kwa watu wa Skandinavia, wale walioanza kuvamia pwani zao mwishoni mwa karne ya 8 kisha wakalowea na kulima mashamba hukohuko. Chagua upande mmoja, “got” au “gotten”, ushikamane nao katika maandishi yako yote.

Hapo hapo kuna jirani mwingine mwenye vurugu, “get used to”. “I used to wake up at four” ni zamani nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, siku hizi siamki. “I got used to waking up at four” ni nilizoea kuamka saa hizo. Ya pili inadai “-ing”.

Vineno vidogo

Virai vya “get” na kineno kidogo havikubali kuchambuliwa kipande kipande, kwa hiyo vichukue vikiwa vizima, na uanze na vile utakavyovihitaji wiki hii. “Get along with someone” ni kupatana na mtu, na inapendeza kwamba hata Kiswahili kimelitengeneza neno hilo kutokana na “pata”. “Get by” ni kusukuma siku: “How’s life?” “We’re getting by.” “Get over” ni kupona ugonjwa, au kuacha kuumia moyoni kwa ajili ya mtu aliyekuacha. “Get away with” ni kufanya uovu usiadhibiwe. Magazeti hayawezi kuandika habari za ufisadi bila hiyo. “I couldn’t get through” ni nilipiga, simu haikupatikana. “What are you getting at?” ni unataka kusema nini hasa, nayo ina ukali kidogo.

“I’ll get back to you” ni nitakujibu baadaye. Ukiambiwa hivyo baada ya usaili wa kazi, usianze kuaga jamaa zako. Inaweza kuwa ahadi ya kweli, na inaweza kuwa njia ya adabu ya kukutoa ofisini.

Mdomoni na kwenye karatasi

Sisi tuna irabu tano, basi “get” na “gate” vinywani mwetu huelekea kuwa kitu kimoja, na “got” na “goat” vilevile. Mlinzi na geti lake hawatakuletea shida, maana sentensi itakuokoa, lakini “I got two” inaweza kusikika kama umenunua mbuzi. Kwenye “get” fungua mdomo kidogo na ulikate neno upesi. Kwenye “gate” vuta irabu iteleze kuelekea “i”. “Goat” nayo iteleze kuelekea “u”. Usiongeze irabu mwishoni. Unaposikiliza Wamarekani, tarajia “t” ilegee ikutanapo na irabu, “get up” ikawa karibu na “gerap” na “get it” ikawa “gerit”. Kuiga si lazima, bora uitambue.

Kwenye maandishi rasmi, “get” lipunguze. Barua ya maombi, ripoti, tasnifu: weka “receive”, “obtain”, “become”, “arrive”. Kosa la kinyume nalo lipo, na kwa Watanzania ni la kawaida zaidi, kwa sababu Kiingereza wengi wetu tulianza kukitumia kweli sekondari, kikiwa lugha ya vitabu vya fizikia na jiografia kabla hakijawa lugha ya kuongea na mtu. Ndipo unapomsikia mtu sokoni akiuliza “Where did you obtain this shirt?” Sarufi haina doa, lakini anayeulizwa atadhani anahojiwa na polisi. Kwenye mazungumzo, hata yale ya mtihani wa IELTS mbele ya mtahini, “Where did you get it?” ndiyo inayosikika kama ya mtu anayeizungumza lugha.

Kwa mazoezi, tafuta filamu yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, utazame dakika ishirini tu ukiwa na daftari. Kila “get” ikitokea, simamisha, andika maneno matatu yanayoifuata na tafsiri ya Kiswahili ya kundi zima. Ukurasa wako wa kwanza utakuwa na “pata” chache kuliko unavyotarajia.